Maji ya moto si dawa ya kila kitu: Jinsi ya kuchagua pa kulala Naivasha, Bogoria au Magadi

WATU wengi wanaoishi katika mitaa ya Kibera na Kawangware wamewahi kusikia habari za maji yanayochemka yenyewe kutoka ardhini. Kuna walioyaona kwa macho, na kuna wanaoyajua kwa kusimuliwa tu ndani ya matatu au baada ya ibada: kwamba huko Bonde la Ufa kuna mahali ambapo mtu mwenye maumivu ya magoti huingia majini akichechemea na kutoka akitembea sawasawa.

Masimulizi kama haya ndiyo huwafanya akina mama wa chama kuchanga pesa kidogo kidogo mwaka mzima, ili likizo ya Agosti au Desemba ikifika wakodi matatu, wabebe wazee na watoto, na kwenda kulala usiku mmoja au mbili karibu na ziwa.

Wanapopanga safari, swali la kwanza huwa ni bei ya chumba. Hilo ni swali la haki kwa mtu anayeishi kwa kibarua. Hata hivyo si swali la pekee. Mahali utakapolala ndipo panapoweza kuamua iwapo utarudi nyumbani na malaria, iwapo mtoto ataungua, au iwapo mzee wa presha atapata usaidizi akizidiwa saa nane za usiku.

Tuchukue mfano wa mama mmoja wa Gatina, Kawangware, mwenye umri wa miaka 62. Magoti yanamsumbua, na kwa miaka kadhaa amekuwa akimeza dawa za presha na kisukari. Binti yake anamweleza kuhusu safari.

"Mama, tumepata nafasi mbili. Utaoga yale maji, magoti yapate nafuu."

"Asante mwanangu, Mungu akubariki. Basi hizi tembe nitaziacha nyumbani. Si maji yenyewe ni dawa?"

"Hapana, mama. Tembe tunabeba zote, na kabla ya kwenda tutapitia kwa daktari."

Jibu la huyo binti ni fupi, lakini ndilo linaloweza kumwokoa mamake. Hebu tuone ni kwa nini.

Maji hayo husaidia nini?

Katika Bonde la Ufa ukoko wa dunia umepasuka na kuwa mwembamba. Maji ya mvua hupenya chini sana, yakakutana na mawe yenye joto kali, kisha yakasukumwa tena juu yakiwa moto. Njiani huyeyusha chumvi mbalimbali za ardhini, na hii ndiyo sababu huwa na ladha na harufu ya ajabu.

Ni kweli kwamba kuoga maji ya uvuguvugu huwafaa watu wenye baridi yabisi na maumivu ya mgongo. Joto hulegeza misuli na kuongeza mwendo wa damu, nayo maji huubeba mwili hivi kwamba magoti hupumzika kubeba uzito. Mtu huhisi nafuu kwa saa kadhaa, pengine hata siku kadhaa.

Lakini nafuu si kupona. Kifundo kilicholika hakirudi kuwa kipya kwa kuogeshwa. Zaidi ya hayo, hakuna maji ya chemchemi yanayoponya kisukari, presha, kifua kikuu wala virusi vya ukimwi. Mtu anayetumia dawa za magonjwa haya akiziacha kwa sababu ameoga Bogoria, ugonjwa utarudi kwa nguvu, na kwa kifua kikuu na virusi vya ukimwi unaweza kuwa sugu kwa dawa alizokuwa akitumia.

Kwa hivyo beba dawa zako zote, na uongeze za siku mbili tatu, kwa kuwa gari linaweza kuharibika au barabara ikakatwa na mvua. Ziweke katika mkoba wa mkononi, si juu ya keria ya gari kwenye jua. Anayejidunga insulini aulize mapema kama mahali atakapolala pana friji au pahali penye ubaridi.

Nani anafaa kujihadhari?

Wenye presha na magonjwa ya moyo: Maji ya moto hupanua mishipa ya damu na kuteremsha presha. Mtu aliyemeza dawa za presha na kukaa majini muda mrefu anaweza kupatwa na kizunguzungu akisimama, akaanguka. Mwenye maumivu ya kifua au aliyepatwa na kiharusi hivi karibuni asiingie kabla ya kuruhusiwa na daktari.

Wenye kisukari: Ugonjwa huu huweza kuua hisia za miguu. Mtu hutia mguu katika maji yanayobabua na asihisi lolote, mpaka jioni anapoona malengelenge. Vidonda vya namna hii huchukua muda mrefu kupona, na wengine hukatwa mguu. Mwenye kisukari apimiwe maji na mtu mwingine, kwa kiwiko.

Waja wazito: Joto kali la mwili, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, linaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Afadhali mama akae kando, aloweshe miguu tu katika maji ya uvuguvugu.

Watoto wadogo: Ngozi yao ni nyororo na huungua upesi kuliko ya mtu mzima. Nao huzama kimya kimya, hata mbele ya watu wengi, pasipo kupiga kelele.

Walevi: Pombe na maji ya moto ni maadui. Vyote viwili huteremsha presha na kukausha mwili, na mlevi hasikii joto linapozidi.

Urefu wa mahali hueleza mengi

Kabla hujatazama picha za vyumba, uliza jambo moja: mahali hapo pako juu kiasi gani kutoka usawa wa bahari? Swali hili laweza kuonekana la darasani, lakini ndilo linalobainisha joto la mchana, baridi ya usiku na wingi wa mbu.

Nairobi iko karibu mita 1,700. Ziwa Naivasha liko juu zaidi, karibu mita 1,890. Ziwa Bogoria liko chini, karibu mita 1,000 hivi. Ziwa Magadi liko chini kabisa, karibu mita 600.

Kiini cha malaria huhitaji joto ili kikue ndani ya mwili wa mbu. Penye baridi hukua polepole sana, na mara nyingi mbu hufa kabla kiini hakijawa tayari kumwambukiza mtu. Penye joto hukua upesi zaidi. Ndiyo maana hatari ya malaria ni ndogo Nairobi na Naivasha, na huongezeka uteremkapo kwenda Bogoria na Magadi, hasa baada ya mvua.

Hapa kuna kosa ambalo wakazi wengi wa Kibera na Kawangware hufanya. Mtu aliyezaliwa Siaya, Busia au Kakamega hujiambia kuwa amezoea malaria tangu utotoni. Kinga ile hupungua mtu akikaa Nairobi miaka mingi bila kuumwa na mbu wenye viini. Na watoto waliozaliwa Laini Saba au Kabiro hawajawahi kuwa nayo kabisa. Wao ni wageni wa malaria sawa na mtalii kutoka Ulaya.

Naivasha: Karibu, lakini baridi

Kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, Naivasha ndiyo safari nyepesi zaidi. Ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, mbu wa malaria ni wachache, na mjini kuna hospitali ya umma.

Maji ya moto yako Olkaria, ndani ya Mbuga ya Hell's Gate, ambako kampuni ya KenGen huchimba mvuke wa kuzalisha umeme. Bwawa la kuogelea la huko hutumia maji yatokayo katika visima hivyo, ambayo hupozwa katika madimbwi kabla ya kufikia bwawa lenyewe. Madimbwi hayo ya kupozea ni ya moto mno. Usimwachilie mtoto kuyakaribia. Unapouliza bei, uliza pia kama kiingilio cha mbuga ni kando, na ubebe kitambulisho chako cha taifa.

Huko utasikia harufu kama ya mayai yaliyooza. Ni gesi itokayo ardhini pamoja na mvuke. Kwa watu wengi ni kero tu, lakini mwenye pumu huweza kubanwa kifua. Abebe pampu yake, na asichague kulala karibu na visima.

Malazi ni ya aina mbili: gesti za mjini Naivasha, na kambi za mahema na vibanda kando ya ziwa katika barabara ya Moi South Lake. Mjini ni karibu na hospitali na maduka ya dawa. Ziwani ni pazuri kwa macho, lakini kuna viboko.

Kiboko hushinda majini mchana, na usiku hutoka kwenda kula nyasi. Ukikutana naye kati ya nyasi na maji, atakushambulia. Kwa hivyo uliza kama kambi ina ua wa umeme upande wa ziwa na kama ua huo huwashwa usiku. Uliza pia choo kiko wapi. Kama choo kiko mbali na hema na hakuna taa, hapo si mahali pa kumpeleka mzee anayeamka usiku mara tatu.

Jambo lingine ni maji kupanda. Mwaka wa 2020 maziwa ya Bonde la Ufa yalifurika, na nyumba nyingi kando ya Ziwa Naivasha zikaingiwa na maji. Choo cha shimo kikifurika, uchafu huingia visimani, na kipindupindu na homa ya matumbo hufuata. Sisi tunaokaa kando ya mitaro tunalijua jambo hili bila kufundishwa. Chagua mahali ambapo vyoo viko juu ya kiwango cha maji.

Aidha, ukipanga kutembea katika korongo la Hell's Gate, usiingie kukiwa na dalili yoyote ya mvua, hata ikiwa mbali milimani. Aprili 2012 mafuriko ya ghafla yaliwaua vijana waliokuwa katika ziara ya kanisa, na Septemba 2019 yakaua watalii wengine humo humo.

Bogoria: Maji yanayochemka kweli

Anayetaka kuona maji yakiruka juu kwa mvuke ataenda Bogoria, katika Kaunti ya Baringo. Ni mbali, zaidi ya kilomita 250 kutoka Nairobi kupitia Nakuru na Mogotio, kwa hivyo kwenda na kurudi siku moja huwachosha wazee. Lazima kulala.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba chemchemi zenyewe za Loburu si za kuoga. Maji yake yako karibu na kiwango cha kuchemka, na wageni huchemsha mayai ndani yake. Maji ya nyuzijoto 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde tano hivi. Haya yamepita hapo kwa mbali. Ardhi inayozunguka chemchemi pia si ya kuaminika. Juu huonekana kavu na ngumu, kumbe ni gamba tu, na chini yake ni matope yanayotokota. Fuata njia iliyokanyagwa na msikilize mwelekezi.

Maji yalipopanda, chemchemi nyingi zilifunikwa na ziwa na nyingine zikabaki ufukweni, hivyo mtu aliyezuru zamani asidhani njia zake za kale bado zipo. Ziwa lenyewe lina magadi mengi, huwasha macho na vidonda, na halifai kunywewa. Wanaotaka kuoga hutafuta bwawa lililopozwa katika malazi karibu na lango la Loboi. Kabla ya kulipia chumba kwa ajili ya bwawa, uliza maji hubadilishwa lini, na kama wasiolala hapo pia huruhusiwa kuoga kwa ada. Pengine unaweza kulala gesti ya bei nafuu Marigat, kilomita kama 20 hivi kutoka Loboi, na kwenda kuoga tu.

Marigat ina hospitali na maduka ya dawa. Loboi iko karibu na maji. Mwenye mgonjwa wa presha au kisukari katika msafara afikirie Marigat kwanza.

Sasa kuhusu wadudu. Karibu na Loboi kuna kinamasi cha maji baridi, na Marigat kuna mashamba ya unyunyizaji ya Perkerra. Kote huko mbu huzaliana. Chumba kisicho na wavu madirishani na neti isiyotoboka juu ya kitanda hakifai, hata kikiwa cha bure. Kama huna hakika, beba neti yako iliyotiwa dawa, pamoja na kamba na misumari michache.

Baringo pia ni eneo linalojulikana kwa ugonjwa wa kala-azar, ambao huvimbisha wengu na, usipotibiwa, huua. Huenezwa na usubi wadogo kuliko mbu, wanaopenda kujificha katika vichuguu vya mchwa na nyufa za kuta za udongo. Huuma zaidi jioni na usiku. Usisimamishe hema karibu na kichuguu, na usilale nje kwenye mkeka kwa kukimbia joto. Kwa mgeni wa siku mbili hatari ni ndogo, lakini kujikinga ni rahisi kuliko kutibiwa.

Eneo hilo vilevile lina nyoka wengi. Tembea na tochi usiku, vaa viatu vilivyofunika mguu, na ukung'ute viatu kabla ya kuvivaa asubuhi. Viatu hivyo vitakusaidia pia dhidi ya miiba ya mathenge, mti uliotapakaa pande za Marigat, ambao mwiba wake hupenya malapa na kuacha kidonda kibaya. Aliyeumwa na nyoka asikatwe wala kunyonywa kidonda, na asifungwe kamba. Atulizwe, asitembezwe, apelekwe hospitali mara moja.

Magadi: Afadhali kwenda na kurudi

Magadi huwavutia wengi kwa sababu iko karibu: zaidi kidogo ya kilomita 100 kutoka Nairobi, kupitia Kiserian. Chemchemi za kuoga ziko upande wa kusini wa ziwa, nje ya mji, na maji yake si makali kama ya Bogoria. Baadhi ya vidimbwi ni vya uvuguvugu, vingine ni moto. Pima kila kimoja.

Ugumu wa Magadi ni joto na ukame. Karibu na chemchemi hakuna kivuli, hakuna duka wala choo, na mtandao wa simu hupotea. Mji ni mdogo, umejengwa kwa ajili ya kiwanda cha magadi, na malazi ni machache. Kuna hospitali mjini, lakini kutoka kwenye chemchemi mpaka huko ni mwendo mrefu katika njia mbovu.

Kwa hivyo shauri letu ni kwamba wenye watoto wachanga, wazee na wagonjwa wa moyo wasilale Magadi kwenye mahema. Ondokeni Nairobi alfajiri, mfike kabla jua halijawa kali, mwoge kidogo, na kufikia saa nne au saa tano mwanze kurudi. Bebeni maji ya kunywa yasiyopungua lita tatu kwa kila mtu mzima, na zaidi kwa dharura. Tafuteni mwelekezi wa Kimaasai anayejua pa kukanyaga, kwa kuwa gamba la magadi hukatika na gari au mguu ukazama.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutuma pesa

Siku hizi chumba hulipiwa kwa simu kabla ya kukiona. Usitume hata senti moja kabla ya kupata majibu ya maswali haya:

1. Neti ngapi zipo, na je, zimetoboka? Madirisha yana wavu?

2. Maji ya kunywa hutoka wapi? Maji ya visima vingi vya Bonde la Ufa yana madini ya floridi, ambayo huyafanya meno kuwa na rangi ya kahawia mtoto akiyanywa kwa miaka. Kuyachemsha huua viini vya maradhi lakini hakuondoi floridi. Kwa siku mbili hayadhuru, ila kama mtoto atakaa likizo nzima, mnunulie maji mengine.

3. Choo ni cha nani, kiko hatua ngapi kutoka chumbani, na kuna taa na maji ya kunawa na sabuni?

4. Kama bwawa lipo, lina kina gani, nani hulisimamia, na husafishwa mara ngapi? Maji yenye uvuguvugu yasiyosafishwa ni makao ya viini.

5. Hospitali iliyo karibu iko wapi, na usiku gari hupatikana? Omba nambari ya simu ya dereva, si ahadi.

6. Chumba kiko chini au juu ya ngazi? Mwenye magoti mabovu hakuja kupanda ngazi.

7. Barabara ikoje na usalama ukoje wiki hii? Hali hubadilika, jibu la mwaka jana halitoshi.

Mwenye nyumba asiyekuwa na subira ya kujibu maswali saba mchana, usitegemee atakufungulia mlango usiku.

Jiko lisiingie chumbani

Usiku wa Naivasha huwa na baridi kali, na wengi wetu tumezoea kuota jiko la makaa. Nyumba zetu za mabati huwa na nafasi za kupitisha hewa, na hata hivyo watu hufa. Hema lililofungwa zipu ni baya zaidi.

Makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala moshi. Mtu huumwa kichwa kidogo, husikia usingizi, na haamki. Jiko likiwa limebakiza majivu mekundu tu bado hutoa sumu hiyo.

Badala ya jiko, beba blanketi la ziada. Katika soko la Toi utapata zito la mitumba. Tia maji moto katika chupa, uifunge barabara na kuivika soksi, na uiweke miguuni.

Ukiwa majini

Pima maji kwa kiwiko kabla ya mguu. Yasizidi nyuzijoto 40; kama huna kipima joto, yawe ya kiasi cha kumwogesha mtoto. Kaa dakika 10 hadi 15, utoke, unywe maji, upumzike. Inuka polepole. Usizamishe kichwa wala kuvuta maji puani. Usiingie peke yako, na kila mtoto awe na mtu mzima mmoja aliyeteuliwa kumwangalia yeye tu. "Tutawaangalia sote" maana yake ni kwamba hakuna anayeangalia.

Mtu akiungua, mtoe, mvue nguo na mapambo yasiyogandamana na ngozi, na umwagie maji baridi safi kwa dakika 20. Usitumie maji ya ziwa lenye magadi. Ndiyo sababu kila gari linafaa kubeba mtungi wa maji ya kawaida. Usipake dawa ya meno, mafuta ya kupikia, yai wala asali. Funika kwa kitambaa safi na umpeleke hospitali. Nambari za dharura ni 999 na 112.

Ukirudi nyumbani

Safari haiishi gari linaposimama Olympic au Kawangware 46. Malaria huchukua wiki moja au zaidi kabla ya kujionyesha, mara nyingi siku 10 hadi 15, wakati ambapo safari imekwisha kusahaulika.

Homa, kuumwa kichwa, kutetemeka au kutapika kukianza katika mwezi huo, usinunue tembe za kutuliza maumivu kwenye kioski ukidhani ni mafua ya Nairobi. Nenda kwenye kituo cha afya, iwe ni Riruta, Mbagathi au kwingineko, upimwe damu. Na useme wazi: "Daktari, nilikuwa Bogoria wiki mbili zilizopita." Asipojua ulikotoka, huenda asifikirie malaria katika mji ambao ugonjwa huo ni nadra. Kwa mtoto, kuchelewa siku moja au mbili kunaweza kumgharimu maisha. Homa ya wiki nyingi na tumbo kuvimba upande wa kushoto pia zitajwe pamoja na safari hiyo.

Kabla ya safari pia hakikisha umesajiliwa katika bima ya afya ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na kwamba michango yako imelipwa. Waja wazito na wenye watoto wadogo wanaokwenda Bogoria au Magadi wamwulize daktari kuhusu dawa za kuzuia malaria mapema, si asubuhi ya kuondoka.

Turudi kwa yule mama wa Gatina. Magoti mabovu, presha na kisukari: kwa mtu kama huyo, chumba cha chini mjini Naivasha, karibu na hospitali, chenye choo cha ndani, kinamfaa kuliko hema la bei nafuu kando ya maji popote pale. Aende Olkaria asubuhi, binti yake apime maji kwa kiwiko, akae dakika 10, atoke, anywe maji na ameze tembe zake kwa saa yake ya kawaida.

Magoti yatapata nafuu ya siku kadhaa. Naye atarudi nyumbani salama, jambo ambalo ndilo kubwa.